Neno la Bi Masouda

Watu walipomsifu Hind, yeye alitazama chini, nao wakadhani ni adabu. Walisema mjukuu wa Bi Masouda kafunzwa akafunzika. Hapana aliyejua kwamba binti huyo alishindwa kuinua macho kwa aibu, na kwamba aibu hiyo aliitafuta mwenyewe, pole pole, kofia baada ya kofia.

Jambo lenyewe lilianza kwa kheri. Hind alikuwa amemaliza chuo na kukaa nyumbani Ansab, mtaa wa Maskati, miaka mitatu, akituma maombi ya kazi yasiyorudi hata na jibu la hapana. Waliishi wawili, yeye na bibi yake mzaa mama. Bi Masouda alizaliwa Ng'ambo, Unguja, akahamia Maskati akiwa mke wa mtu na mtoto kifuani, na katika vichache alivyokuja navyo ulikuwamo ujuzi wa kushona kofia za viua. Ni zile kofia za wanaume ambazo kila kitundu hutobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi peke yake, vitundu mamia kwa mamia, mpaka vikatokea maua. Kofia moja ilimchukua wiki sita. Akiwa anashona, simu yake ilimtolea redio ya Unguja, naye akabishana na watangazaji juu ya bei ya ndizi ambazo hajazinunua kwa miaka khamsini.

Siku moja Hind alimpiga picha mikono tu, sindano ikiwa kati ya vidole vilivyokunjamana, akaiweka kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Kufika Ijumaa watu arubaini walikuwa wameuliza kofia hizo zinauzwa wapi. Akatengenezesha lebo ya kitambaa iliyoandikwa "Mkono wa Bibi", kwa Kiarabu, na chini yake kwa Kiswahili. Bi Masouda akaipapasa, akacheka.

"Mie tena nshakuwa kampuni?"

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Wateja walisubiri, maana kitu cha mkono kinasubiriwa. Kisha macho ya bibi yakaanza kumwangusha. Daktari alisema la kulia lina mtoto wa jicho, na la kushoto limekwisha kuliwa na sukari. La kulia likapasuliwa, likapata nuru kidogo, nuru ya kuuona mlango na kumjua aliyesimama mlangoni, lakini si ya kuona tundu la sindano. Kushona basi.

Wiki hiyohiyo palikuwa na bwana harusi aliyekuwa akiingoja kofia yake. Hind angeweza kumpigia simu na kumwambia ukweli. Simu aliishika, akaliona jina la yule kijana, akaiweka kifudifudi mezani. Asubuhi yake akaendesha gari mpaka Wadi Kabir.

Huko, nyuma ya gereji za kupaka rangi magari, kulikuwa na karakana yenye mashine sita za kutarizi, zile zinazofuata mchoro wa kompyuta. Aliyezisimamia alikuwa mama wa makamo kutoka Moshi, jina lake Filomena. Kofia iliyomchukua Bi Masouda wiki sita, mashine ya Filomena iliitema kabla chai haijapoa. Kwa mbali huwezi kuijua. Kwa karibu pia huwezi, kama hukufunzwa.

Ile moja tu, Hind alijiambia. Lakini uwongo ukishapata pa kulala, huwaita na jamaa zake. Baada ya bwana harusi wakaja ndugu zake watatu, kisha ofisi iliyotaka kofia za zawadi, kisha duka la hotelini. Safari ya tano Hind alikwenda na mfuko mzima wa lebo ili zishonewe palepale. Filomena akaishika moja, akausoma ule mstari wa Kiswahili.

"Dada Hind, samahani nikuulize. Huyu bibi ni nani? Maana hizi kofia nimezishona mimi, na mimi bado sijawa bibi wa mtu."

Alicheka, hakuwa na ubaya. Hind akatafuta kicheko asikipate. "Ni jina la biashara tu," akasema.

"Sawa, dada. Nauliza tu. Jina zuri." Filomena akaishona lebo ya kwanza, akaikaza pembe zote nne, kama afanyavyo mtu anayetaka kitu kidumu. Hind aliyatazama mafuta ya mashine sakafuni mpaka kazi ikaisha.

Nyumbani nako ilibidi kusemwe kitu. Bi Masouda alizisikia kofia zikitoka na kuingia katika mifuko iliyofungwa, ambayo Hind hakumfikishia mkononi, na yeye hashoni. Hind akamwambia kapata wanawake wa kuwashonea wateja, huko vijijini, wanawake maskini wenye mikono mizuri.

"Wangapi?" akauliza bibi.

"Wanne."

"Nani na nani?"

Hind akabuni. Mmoja mjane, wawili ndugu, na mmoja ana mtoto mgonjwa wa damu. Yule wa mtoto mgonjwa hakumtafuta, alimjia tu mdomoni. Bi Masouda akaikunja mikono yake mapajani, na Hind alipomwangalia vizuri akaona analia kwa furaha.

"Basi macho yangu hayakwenda bure," akasema. "Mungu kanifungia mie, kawafungulia wenzangu wanne."

Toka siku hiyo kila Alfajiri alimwombea yule mtoto. Hind alimsikia kupitia ukutani. Ilipofika Idi, bibi aliagiza samli, akamsimamia msichana wa jirani mpaka vileja vikatoka tanurini, akavitia katika makopo manne. "Wapelekee wale wanawake. Kila mtu kopo lake, wasigombane." Hind aliyatia makopo garini, akaendesha mpaka kituo cha mafuta, akaegesha pembeni. Kuvitupa hakuweza, mkono ulikataa. Akavila. Alikula kopo zima na nusu ya la pili, samli ikimganda kooni, mpaka akafungua mlango akatapika kwenye changarawe. Yaliyobaki aliyaacha msikitini kwa wafagizi. Aliporudi, bibi alimuuliza walisemaje. "Wanakushukuru sana," akajibu.

Mambo yangeweza kwenda hivyo miaka, lau si Balqis.

Balqis alikuwa mratibu wa mfuko mmoja wa kuwasaidia wanawake na vijana wenye biashara ndogo. Mwaka ule mfuko ulipata vyumba vitano vya duka katika jengo jipya Bawshar, na wenye bahati wangekaa humo mwaka mzima bila kodi, wakifundishwa kuendesha biashara. Hind hakupanga kuomba. Ni Balqis aliyeuona ukurasa, akapiga simu, akaja mwenyewe nyumbani na daftari lake. Alikuwa mwanamke mchangamfu anayependa kazi yake, na kwa Bi Masouda alikaa saa mbili. Bibi akamweleza yote, mjane, ndugu wawili na mtoto mgonjwa, huku Hind akipita na kupita tena jikoni, akiziosha birauli zilizokwisha kuoshwa.

Mlangoni Balqis alimshika mkono. "Habibti, nikwambie kitu. Nafasi ya kofia ni moja. Kuna kikundi cha wanawake Qantab, kiongozi wao anaitwa Noof, nao kazi yao nzuri. Lakini hawana picha, hawana jina, hawajui kujieleza. Wewe una hadithi. Hao nitawaambia waje mwakani."

Hapo ndipo Hind angesema. Alifungua mdomo, Balqis akadhani anashukuru, akamkumbatia.

Maonesho ya mwisho yalifanyika Jumamosi katika ukumbi mkubwa, meza thelathini, na jioni yake watano watajwe. Balqis alisisitiza Bi Masouda aje. Basi bibi akavaa nguo yake ya Idi, akajitia udi, akawekwa kwenye kiti nyuma ya meza iliyojaa kofia. Kila aliyepita alimsalimu, naye aliitikia kwa shauku kama mwenye harusi.

Mchana alikuja mwanamke wa umri wa miaka thelathini na kitu, abaya yake imepauka mabegani kwa jua. Hakuuliza bei. Aliichukua kofia moja, akaigeuza ndani nje, akaitazama. Kisha akamtazama Hind. Hakuwa na hasira usoni, na Hind baadaye alitamani angekuwa nayo. Akamgeukia bibi aliyekuwa akitabasamu upande wake.

"Mama yako?" akauliza kwa Kiarabu.

"Bibi yangu."

"Mungu amtunze." Akaiweka kofia mezani kama alivyoigeuza, ndani nje, akaenda zake. Kadi ya mgeni kifuani mwake ilikuwa imeandikwa Noof, Qantab. Hind aliigeuza kofia upesi upesi, akajipa moyo kwamba yamepita.

Hayakupita. Saa kumi kasoro, Balqis alikuja na wageni wa kamati, na pamoja nao mzee mmoja mrefu mwenye fimbo, Bwana Thani, aliyewahi kukaa mtaa mmoja na Bi Masouda zamani, mumewe alipokuwa hai. Alimtambua kutoka mbali.

"Bi Masouda! Wewe huyu?"

"Mie huyu, Bwana Thani. Nimebaki sauti tu."

Wakacheka, wakaulizana khabari za waliokufa na waliobaki. Kisha mzee akaichukua kofia. "Nna wajukuu watatu wanaoa pamoja mwezi ujao. Nataka kuwavisha kofia za mkono. Lakini siku hizi tunauziwa za mashine, na mie sijui kutofautisha. Niambie wewe. Hii ni ya mkono kwelikweli? Neno lako linanitosha."

Akamwekea kofia mapajani. Bi Masouda aliipokea huku bado anacheka. Kidole gumba kikapita ndani ya ukanda mara moja, kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikapita tena, pole pole.

Kwa mtu aliyetoboa vitundu miaka sitini macho hayahitajiki. Kazi ya mkono ni laini ndani kama nje. Ya mashine inakwaruza, uzi wa chini umejifunga vifundo vifundo. Hind aliona kicheko kikimwondoka bibi yake, kwanza mdomoni, kisha mashavuni. Bi Masouda akainua uso kumtafuta mjukuu wake, lakini uso ukakosea kidogo, ukamtazama mgeni wa kamati aliyesimama pembeni. Watu wote walikuwa wakimngoja. Hind akatazama chini.

"Ya mkono, Bwana Thani," akasema Bi Masouda. "Kazi ya mkono hii."

"Nilijua!" Mzee akapiga fimbo chini. "Nifungieni tatu."

Jioni likatajwa jina la Hind. Alipanda jukwaani, akapewa funguo katika sanduku la mahameli, Balqis akimpigia makofi kuliko wote. Kutoka pale juu alimwona bibi kule nyuma ya meza. Watu wa meza za jirani walikuwa wakimshika mabega kumpongeza, naye alikaa wima, mikono juu ya mkoba wake, kama abiria anayesubiri jina lake liitwe.

Garini walikuwa wamekwisha kuingia barabara ya Ansab.

"Wale wanawake wanne," akasema Bi Masouda.

"Naam, Bibi."

"Yule mwenye mtoto mgonjwa. Yupo mtoto?"

Hind akapunguza mwendo, akaegesha. Hakuweza kuendesha na kulijibu swali lile kwa pamoja. "Hayupo, Bibi."

"Na mamake?"

"Hayupo. Hawapo wote."

Bi Masouda akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeelekezwa njia. "Nilikuwa nnamwombea," akasema. "Mpaka nshampa jina. Nlimwita Muslim, maana hukunambia jina lake."

Hind akalia. Bibi hakumnyamazisha, wala hakumgusa. Alipoona kilio hakikomi akasema, "Futa macho, uendeshe. Nataka kuswali."

"Bibi, kwa nini ulimwambia ya mkono? Ungesema tu."

"Nkufedheheshe mbele ya watu? Wewe damu yangu. Nna miaka sabini na minane. Nimeuza kofia wakati tukishindia chai kavu, na sijapata kuuza kwa uwongo. Leo nimeuza. Kesho utanipeleka kwa Bwana Thani."

"Nitakwenda mimi, Bibi. Kosa ni langu."

"La kwako ni la kwako, utalipeleka wewe. Hili nimelisema kwa mdomo wangu."

Kesho yake saa nne asubuhi walikuwa Khuwair, sebuleni kwa Bwana Thani. Mzee aliwapokea kwa bashasha, kahawa ikaletwa na tende na matunda yaliyokatwa. Bi Masouda hakugusa kitu. Alikaa ukingoni mwa kochi, mtandio ameukaza kidevuni.

"Bwana Thani, jana uliniuliza, nikakwambia uwongo. Kofia zile za mashine. Nlipozishika ndipo nlipojua, na nilipojua nikasema sivyo."

"Baba Thani, mimi ndiye—" Hind alianza.

"Wewe subiri," akasema bibi.

Bwana Thani aliweka kikombe chini. Akaita ndani, kofia tatu zikaletwa katika mfuko wake, akazipanga mezani moja moja. Alikuwa kama aliyeletewa mzigo usio wake. "Mke wangu kishawaonesha jirani," akasema. "Kishawaambia nani kazishona." Akavuta pumzi. "Bi Masouda, mashine si haramu. Nusu ya mji unavaa za mashine. Lakini mie nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nikasema neno lako linanitosha."

"Ulisema."

Kiyoyozi kilikuwa kikilia ukutani. Hind aliukazia macho mwiko wa ubani uliokuwa pembeni ya chetezo, akaupima urefu wake, upana wake, chochote asiutazame uso wa bibi yake. Mwisho mzee akasema, "Basi. Mola atusamehe sote," akazitia kofia mfukoni, akamkabidhi Hind. Kwa adabu aliwasindikiza mpaka nje, lakini alipokuwa akiaga alilitazama gari, hakumtazama mtu. Kwenye ngazi Bi Masouda alikosa kidaraja, Hind akamdaka kiwiko. Bibi akasimama imara, kisha akautoa ule mkono wa Hind, kidole kwa kidole, akashuka ngazi zilizobaki peke yake kwa kupapasa ukuta.

Katika yote yaliyompata, hilo ndilo lililomrudia Hind mara nyingi zaidi.

Jumatatu alikwenda ofisini kwa Balqis na sanduku la mahameli. Alisema yote akiwa amesimama. Balqis alisikiliza, na rangi ikampanda shingoni.

"Nimekusimamia mbele ya kamati," akasema. "Nilisoma habari za yule mtoto kwa sauti, Hind. Kuna mtu alilia." Alisogeza makaratasi yasiyohitaji kusogezwa. "Na unajua kinachonikera zaidi? Kazi ya mashine nayo ni kazi. Ungekuja ukasema, mimi nauza kofia za mashine, michoro ni ya bibi yangu, pengine ningekutafutia nafasi. Hukuwa na haja."

"Najua."

"Hujui. Mwakani akija msichana mwingine na bibi yake, mimi nitaigeuza kofia yake ndani nje kabla sijamwamkia. Hilo umenifanyia wewe." Akazipokea funguo. "Utaandika barua kwa kamati, na utawaandikia wateja wako. Na kwa Noof utakwenda mwenyewe. Tutampigia kumpa nafasi, lakini hili asilisikie kwetu kwanza."

Njia ya Qantab huteremka kwa kona kona kati ya majabali mpaka ghafla ikafika baharini. Nyumba ya Noof ilikuwa na mlango wa buluu na ngazi tatu. Noof alimfungulia, akamtambua, na bila kubadili uso akamkaribisha. Mgeni ni mgeni. Alitandika mkeka, akaleta tende, akammiminia kahawa, akakaa. Pembeni ya ukuta palikuwa na vibao vya kuvalishia kofia, saba, na vitatu kati yao vilikuwa vitupu.

Hind akasema alilokwenda kusema.

"Niliigeuza kofia yako," akasema Noof, "nikataka kupiga kelele ukumbi mzima wanisikie. Kisha nikamwona yule bibi, alivyofurahi na nguo yake ya Idi. Nikashindwa."

"Ungemwambia Balqis."

"Angemwamini nani? Wewe una picha nzuri." Aliviashiria vile vibao vitupu. "Tulikuwa saba. Tulipoambiwa tuje mwakani, watatu wakaenda hotelini kufua mashuka. Mtu huwezi kumwambia akae wiki sita juu ya kofia moja, akingoja mwakani. Sasa nafasi imekuja, na mikono imekwenda."

"Naomba unisamehe, dada yangu."

Noof akachukua dele la kahawa, akamjazia tena kikombe. "Kunywa kahawa," akasema.

Hind aliwaandikia wateja wake siku ileile. Hakumtaja bibi. Aliandika kwamba kofia zote za miezi kumi na minne zilikuwa za mashine, kwamba yeye ndiye aliyewadanganya, na anayetaka kurudisha arudishe. Wengine walirudisha kofia, wengine walirudisha matusi, na mwalimu wake wa zamani aliandika neno moja tu, "Wewe?" Neno hilo alilisoma mara nyingi kuliko matusi yote. Sokoni akimwona mtu anayemfahamu alipita njia ya pili. Harusi mbili hakualikwa, na ya tatu aliyoalikwa hakwenda.

Baada ya miezi miwili alirudi Wadi Kabir. Alikuwa bado na wateja wachache, watu waliosema mashine haiwasumbui mradi kofia ni safi. Alimweleza Filomena yaliyotokea, akamwonesha lebo mpya. Filomena akaisoma kwa sauti. "Kofia ya mashine, Wadi Kabir." Akaigeuza, akatazama na upande wa pili. "Na mimi je, dada?"

"Wewe vipi?"

"Mwanzo palikuwa na jina la bibi, na bibi hakuzishona. Sasa umeandika mashine. Hii mashine inajiwasha yenyewe?"

Hind akaona moto ule wa zamani ukipanda tena masikioni. Alikuwa amedhani amekwisha kusema ukweli wote, kumbe palikuwa na mwengine amekaa mbele yake siku zote, na wala hakumwona. "Nimekosa, mama Filomena," akasema, na mara ile aliinua macho. Lebo zikarudi kutengenezwa upya, jina la Filomena juu ya jina la mahala.

Duka la Qantab lilifunguliwa Bawshar mwanzoni mwa baridi, Noof na wenzake watatu. Bi Masouda ndiye aliyetaka kwenda. Alimwagiza jirani ampigie Noof simu, akajitambulisha mwenyewe, akasema yeye hashoni tena lakini anaweza kuzipapasa kofia kwa ndani na kuwaambia palipolegea. Noof akamjibu aje. Basi ikawa kila Alkhamisi Hind anampeleka, anamshusha mlangoni, anarudi kukaa garini saa mbili kwenye maegesho, akijifanya ana shughuli na simu. Bibi na yeye walikuwa wakizungumza tena, habari za dawa na chakula na nani kazaa. Habari za kofia walizikwepa. Vipindi vya redio vilikuwa vimerudi, na ubishi wa bei za ndizi pia, lakini Alfajiri kupitia ukutani Hind alizisikia dua fupi, asizoweza kuzifahamu ni za nani.

Alkhamisi moja ya mwezi wa kwanza mtu aligonga kioo cha gari. Hind akashtuka, akakiteremsha. Alikuwa Noof, uzi mweupe umemning'inia begani.

"Taa ya katikati imekufa," akasema. "Tumepanda kiti, hatufikii. Bibi yako anasema wewe mrefu."

Hind akalitazama duka.

"Balbu ninayo," akasema Noof. "Njoo."

Hind akazima gari. Ndani wanawake watatu walimwitikia salamu bila kuinua vichwa kutoka kwenye kazi zao. Bi Masouda alikuwa kwenye kiti cha plastiki, kofia mapajani, kidole gumba ndani ya ukanda. Hind akavua viatu, akapanda juu ya kiti. Alikuwa akilegeza ile balbu kongwe, vumbi likimwangukia usoni, alipohisi kiti kimetulia chini yake. Akatazama. Noof alikuwa amekishika mgongo kwa mikono miwili ili asianguke, uso ameugeuzia upande wa mlango.

Taa ikawaka. Hind akashuka, akavaa viatu, akasema kwaherini. "Saa sita nirudi, Bibi?" akauliza.

"Saa sita na nusu," akasema Bi Masouda. "Hii ya leo ina kazi."

Hind akatoka, akarudi garini kusubiri.